Alama Moja Chini

Narvik, 6 Septemba 1998

Mpendwa Shangazi Gudveig,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta kwenye kiti chako cha dirishani na si kitandani, maana mara ya mwisho uliniandikia ukiwa umelala na mistari yote ikapanda mlima. Sisi huku hatujambo. Jostein bado anakarabati jiko. Alianza kabla ya Pasaka, na mpaka leo tunapikia bafuni, sufuria juu ya mashine ya kufulia. Mvua imeshaanza kuchanganyika na theluji. Wanafunzi wangu wamerudi kutoka likizo wakiwa warefu zaidi, ila hakuna kingine kilichoongezeka.

Sasa jambo lenyewe. Nimeteuliwa kusahihisha insha za mtihani wa mwisho, Juni ijayo. Usicheke. Najua unacheka. Nitapangwa na mwalimu wa shule nyingine nisiyemjua. Kila mmoja atasoma peke yake na kutoa alama yake, moja hadi sita, kisha tutakutana mezani tukubaliane. Nimeanza kujipima na kazi za darasa langu, nimekwama kwenye aya. Nasoma aya, naona nzuri. Nairudia, naona takataka. Nakunywa kahawa, naona nzuri tena. Wewe umeifanya kazi hii miaka yote. Ulikuwa unajuaje?

Na unieleze hali ya moyo, daktari anasemaje. Usinipe jibu la kuwapa wanafunzi, nataka la kweli.

Mwanao,
Torunn


Florø, 21 Septemba 1998

Torunn mwanangu,

Marahaba. Nimekaa kitini, mistari imenyooka, ridhika. Hapa kwenye nyumba ya wazee tunalishwa samaki siku zote za wiki, na Jumamosi uji wa maziwa ili tujue kuwa ni Jumamosi. Annlaug, muuguzi wetu, ananiambia niache kuandika nipumzike. Nimemjibu kwamba mapumziko yangu yanakuja, tena marefu, hakuna haja ya kuyaharakisha. Mwambie Jostein kwamba kaburi langu litakuwa tayari kabla ya jiko lake.

Nimecheka, ndiyo. Unauliza swali ambalo ulipaswa kuniuliza kabla hujawa mwalimu.

Chukua aya ya mtoto. Ifunike sentensi ya kwanza kwa kiganja, usiisome. Soma zilizobaki, halafu jiulize: sentensi iliyo chini ya mkono wangu inasema nini? Ukikisia sawa, aya ina uti wa mgongo. Ukikisia kitu kingine kabisa, mtoto aliahidi jambo hili akaleta lile. Baada ya hapo weka kidole juu ya sentensi moja moja. Ile ambayo ukiificha hakuna kinachopungua, hiyo aliiandika ili ukurasa ujae. Mwisho tafuta kitu kimoja ambacho mtoto huyu amekiona kwa macho yake mwenyewe. Kama kila kilichomo kingeweza kuandikwa na mwenzake wa dawati la pili, usivuke nne hata kama koma zote zimekaa mahali pake.

Eilert alikuwa na njia yake. Yeye alianzia mkiani. Alisoma sentensi ya mwisho kwanza akauliza, "Tumefika mahali, au tumezunguka nyumba tukarudi mlangoni?" Alinikera sana kwa swali hilo.

Kuhusu mwenzako wa mezani: msipoafikiana, jambo linakwenda kwa msahihishaji mkuu, na yeye akisema amesema. Jitahidini lisifike huko.

Moyo hauna habari mpya.

Shangazi yako,
Gudveig


Narvik, 4 Oktoba 1998

Shangazi mpendwa,

Shikamoo tena. Huku tuko salama. Jostein amesoma salamu zako za kaburi, akacheka, na kesho yake akaweka makabati mawili. Kwa hiyo asante, endelea kumtukana.

Kiganja kinafanya kazi! Nimewafundisha hata wanafunzi. Sasa wanafunikiana sentensi kama watu wanaocheza karata. Jana binti mmoja alilia kwa sababu rafiki yake alikisia kwamba aya yake ilihusu sungura, kumbe aliandika juu ya demokrasia.

Ila Shangazi, nami nimekifunika kitu kwa kiganja. Nimesoma barua yako yote nikiwa nimeificha ile aya ya Eilert. Barua ilibaki salama, haikupungukiwa lolote. Kwa kanuni yako mwenyewe, uliiandika ili ukurasa ujae, au uliiandika kwa sababu ulikuwa unataka kulitaja jina. Miaka yote hii sijawahi kulisikia. Eilert ni nani?

Pia, "moyo hauna habari mpya" ni sentensi ya mtu anayeficha habari. Ningekupa mbili.

Torunn


Florø, 19 Oktoba 1998

Torunn,

Marahaba, na una mdomo mrefu. Umeupata wapi? Baba yako alikuwa mtu wa kimya.

Hapa kuna upepo tangu Jumapili, madirisha yanaimba. Bibi wa chumba cha pili amefariki. Tulimwimbia vizuri, kisha tukala keki.

Eilert Silden alikuwa mwalimu huko Måløy. Ofisi ya mitihani ilitupanga pamoja, na kwa Juni nyingi tulikutana Bergen, kwenye ukumbi wa hoteli wenye meza nyingi na watu wawili kila meza. Alikuwa msahihishaji mzuri. Alikuwa na ndevu. Hajawahi kuoa, alimtunza mama yake. Baadaye ofisi ikabadilisha jozi, tukapeana mikono, akasema "asante kwa mwaka huu" kama kawaida, na ikaishia hapo. Tunaandikiana kadi za Krismasi. Ndiyo habari yote, sijui unataka nini zaidi.

Nimeomba balbu za krokasi, yale maua madogo ya baada ya theluji, nizipande kwenye chungu dirishani. Nilimuuliza daktari kama inafaa kupanda sasa kitu cha kuchanua Machi. Ni kijana mwema, mwenye masikio makubwa. Aliangalia viatu vyake. Nimezipanda hata hivyo.

Hiyo ndiyo habari ya moyo, sasa unayo.

Gudveig


Narvik, 27 Oktoba 1998

Shangazi wangu,

Nimesoma habari ya viatu vya daktari nikiwa nimesimama bafuni na mwiko mkononi, nikaketi juu ya mashine ya kufulia. Sitasema mengi maana hupendi. Nakuja kwako Februari, likizo ya baridi. Krokasi zisubiri na wewe usubiri.

Sasa kwa kuwa umesema kweli moja, sema ya pili. Nimeangalia ramani. Florø hadi Måløy ni saa moja kwa boti ya kasi. Saa moja, Shangazi! Mimi nakwenda kununua vigae vya Jostein mbali kuliko hapo. Mmeandikiana kadi miaka yote hii mkiwa mnaweza karibu kupungiana mkono. Kwenye kadi anaandika nini?

Na usinijibu kwamba "alikuwa na ndevu". Hiyo ni sentensi ambayo mwenzake wa dawati la pili angeweza kuiandika.

Torunn


Florø, 8 Novemba 1998

Torunn mwanangu,

Marahaba. Nimechelewa kwa sababu niliandika barua hii mara tatu na Annlaug alitupa mbili akidhani ni takataka. Hakukosea sana.

Kwenye kadi anaandika: "Krismasi njema. Eilert." Mimi naandika: "Krismasi njema. Gudveig." Usicheke. Sisi watu wa pwani hii tukizidisha hapo tunaonekana tumelewa.

Nitakuambia, maana sitaki kuondoka nayo, na kasisi wetu ana umri wa kuwa mwanafunzi wangu.

Ilikuwa hivi. Kila mmoja alikuja na alama zake kwenye karatasi. Tulizigeuza pamoja, insha baada ya insha. Alama zikilingana, tuliandika na kuendelea, neno halikusemwa. Zikitofautiana, ilibidi tuzungumze. Na Eilert akizungumza, Torunn! Alivua miwani. Alimtetea mtoto asiyemjua, wa shule asiyoijua, kana kwamba mtoto yuko nje ya mlango anasikiliza. "Tazama hapa, Gudveig, ameandika kwamba babu yake alikunja magazeti kama mtu anayekunja bendera. Unampaje tatu mtu kama huyu?" Na mimi najibu, "Bendera moja haitengenezi aya." Naye anasema, "Wewe una moyo wa barafu." Nami namwambia, "Na wewe una krimu kwenye shavu."

Tatizo lilikuwa kwamba tulilingana karibu kila mara. Tulikuwa tumeshazoeana, macho yetu yalikuwa yamekuwa mamoja. Mwaka mmoja tulimaliza fungu zima kabla ya chakula cha mchana na akapanda boti ya mapema. Mwaka uliofuata, nikiwa nyumbani na karatasi zangu, nilifika kwenye insha niliyoiamini kuwa ni nne, nikaandika tatu.

Moja chini. Ili abishe. Na alipobisha nilipinga kidogo, nikapinga tena, kisha nikakubali nne. Hakuna mtoto aliyepungukiwa hata alama moja, naapa. Nilijua tangu mwanzo nitashuka kituo gani. Nilikuwa nanunua safari tu.

Mara moja tu mambo nusura yaharibike. Binti mmoja alistahili nne safi, nikaandika tatu. Eilert akageuza karatasi yake: nne. Nikakaa tayari. Akaitazama tatu yangu, akakuna ndevu, akasema, "Sawa. Tatu."

"Sawa vipi?"

"Umenishawishi."

"Sijasema kitu bado."

"Uso wako umenishawishi. Tuandike tatu."

Ikabidi nigeuke wakili wa binti yule dhidi yangu mwenyewe. Nikamwambia nimebadili mawazo. "Lini?" Sasa hivi. "Kwa sababu gani?" Nikasoma aya yake ya tatu kwa sauti, ukumbi mzima ukageuka kutuangalia. Alinibana muda mrefu mno kabla ya kukubali nne. Njia nzima kurudi nyumbani nilijiuliza kama alijua.

Najiuliza bado. Hicho ndicho kilichobaki, Torunn. Samani nimeshazigawa, wosia uko kwa wakili, kanzu ya mazishi imepigwa pasi. Ninachotaka kukijua kabla sijafumba macho ni kama mtu yule alijua.

Sasa unajua. Ukimwambia Jostein nitakufa leo leo kwa makusudi.

Gudveig


Narvik, 15 Novemba 1998

Shangazi,

Shikamoo. Sijamwambia Jostein. Nimecheka mpaka nimelia, au kinyume chake, sijui kilichotangulia.

Muulize. Ndilo jibu langu lote. Mwandikie umuulize.

Najua utasema haiwezekani, kwa hiyo nakupa kazi ya darasani. Aya moja tu, kwa Eilert Silden. Sentensi ya kwanza iwe na jambo lenyewe. Isizidi nusu ukurasa. Nitumie mimi nikusahihishie. Mazoezi tu, hakuna atakayeona.

Tarehe ya mwisho mwisho wa mwezi. Wanaochelewa najua jinsi ya kuwafanya.

Mwalimu wako,
Torunn


Florø, 22 Novemba 1998

Mwalimu Torunn,

Leo tumepewa uji wa Jumamosi kwa kosa la kalenda ya jikoni, maana ni Jumapili. Nina nguvu kidogo. Kazi yako hii hapa, na ujue naifanya kwa sababu ya kuchoka kukaa bure tu:

*Mimi, Gudveig Hovland, nilikuwa msahihishaji mwenzako kwa miaka kadhaa. Tulifanya kazi kwa ushirikiano mzuri. Hoteli ilikuwa safi na kahawa ilikuwa ya moto. Mara nyingine tulitofautiana, lakini tuliafikiana. Nakutakia afya njema na majira mema ya baridi.*

Natarajia sita.

G.


Narvik, 29 Novemba 1998

Kwa mtahiniwa Gudveig Hovland,

Alama: mbili. Na hiyo ya pili nimeiongeza kwa heshima ya umri.

Nimefunika sentensi ya kwanza kwa kiganja. Nikakisia kwamba ni barua ya kuishukuru hoteli. Nimeweka kidole juu ya kila sentensi, na Shangazi, zote zinaweza kutoka! Ukurasa unabaki mweupe na hakuna aliyekosa kitu. Iko wapi bendera? Iko wapi krimu shavuni? Kwenye barua uliyoniandikia mimi, mtu yule yuko hai, anavua miwani. Kwenye aya hii ni kipande cha samani.

Rudia. Ninakupenda. Rudia.

Torunn


Florø, 9 Desemba 1998

Torunn,

Mwaka niliokufundisha kusoma ulikuwa unalia ukiambiwa "rudia". Mimi sijalia. Nimetukana kidogo, Annlaug ni shahidi. Kalamu inanichosha sasa, naandika sentensi, napumzika, naandika nyingine. Labda ndiyo sababu zimekuwa chache.

*Eilert, nilikuwa nakudanganya kila Juni. Alama niliyoandika kwenye karatasi yangu mara nyingi ilikuwa moja chini ya niliyoiamini, ili ukasirike, uvue miwani, uanze kumtetea mtoto ambaye mimi nilishamkubali nyumbani. Hakuna aliyeumia, kwa sababu niliacha kubisha mahali pale pale nilipotaka kufika. Sikuwa natafuta kitu kwenye insha. Nilikuwa natafuta muda wa ziada kwenye meza ile, wewe upande wa dirisha, na chembe za nazi za mikate ya hoteli kwenye ndevu zako, ambazo mara nyingi niliziacha bila kukuambia. Kadi zako zote za Krismasi ninazo.*

Imetosha. Ipe alama, kisha uchome.

Gudveig


Narvik, 16 Desemba 1998

Shangazi mpendwa,

Tano.

Nimeifunika sentensi ya kwanza nikaikisia. Nimeweka kidole, na kila nilipokiweka palivuja damu. Nazi kwenye ndevu hakuna wa dawati la pili angeweza kuiandika. Ningetoa sita ila nilifundishwa na mtu mkali.

Sasa kaa vizuri kitini. Umekaa? Mtihani hausahihishwi na mtu mmoja. Wewe ndiye uliyenifundisha. Lazima wawe wawili, kila mmoja atoe alama yake peke yake. Nilihitaji mwenzangu. Nimefikiri sana ni nani anayefaa, mwenye uzoefu na aya za aina hii, nikaona ni mmoja tu.

Nimeiweka kwenye bahasha jana na kuituma Måløy. Nimeambatisha barua fupi kwamba mimi nimetoa tano na naomba maoni yake kama msahihishaji wa pili.

Kasirika. Nimejiandaa. Nakubusu mikono yote miwili.

Torunn


Florø, 20 Desemba 1998

Krismasi njema. Gudveig.


Narvik, 10 Januari 1999

Shangazi,

Shikamoo, shikamoo, shikamoo. Kadi yako nimeipata. Maneno matatu, na jina ni mojawapo. Nilistahili.

Annlaug amenipigia simu. Kumbe ulilazwa hospitali ya Førde wiki nzima na ukamkataza asiniambie. Amesema umerudi, unakula, na ukisikia jina langu unageukia ukuta. Ukigeukia ukuta maana yake una nguvu za kugeuka, kwa hiyo nimefurahi.

Nilikosea kutuma bila idhini yako. Hilo nakubali. Kwamba imetumwa, hapo sijutii. Måløy hawajajibu.

Jiko limekwisha. Ukipata wino, andika hata tusi.

Torunn


Florø, 24 Januari 1999

Torunn,

Mjinga wewe. Hilo ndilo tusi, sasa tuendelee.

Marahaba. Sikuwa nimegeukia ukuta kwa hasira peke yake. Kadi yake haikuja. Kila mwaka ilifika kabla ya Krismasi, maneno yale yale, mwandiko ule ule unaoegemea kushoto. Mwaka huu hakuna. Kila siku nilimtuma Annlaug kwenye sanduku la barua, naye akarudi na matangazo ya nyama.

Kwa hiyo ama amekufa, ama ameudhika. Sijui kipi nakichukia zaidi. Kabla yako nilikuwa na maneno mawili kwa mwaka, na yalinitosha. Sasa sina hata hayo. Nakuambia bila utani, mwanangu, ili ujue uzito wa bahasha uliyotuma.

Hongera ya jiko. Nimeshangaa. Mwambie Jostein kwamba sasa mimi ndiye ninayechelewa.

G.


Narvik, 5 Februari 1999

Shangazi, imefika!

Naandika haraka niwahi posta. Hajafa. Alivunjika nyonga mwanzoni mwa Desemba na alikuwa kwenye matibabu Bergen, barua zake zote zikamsubiri nyumbani. Nakuwekea karatasi yake humu, ilivyo. Nimeisoma mara moja tu, nikaikunja, maana ni yako.

*Kwa msahihishaji mwenzangu wa Narvik,*

*Nimepokea aya ya mtahiniwa. Kanuni inataka asijulikane, lakini mwandiko niliutambua kabla sijasoma hata neno moja, ikabidi niketi, na kwa mtu mwenye nyonga yangu kuketi ni kazi.*

*Wewe umetoa tano. Mimi natoa nne. Sababu ni sentensi ya mwisho. Kadi anazo. Sawa. Halafu? Mtahiniwa amesafiri vizuri njia nzima, kafika mlangoni, akasimama na viatu miguuni bila kuingia. Nimekuwa nikimwambia jambo hili tangu zamani.*

*Kwa kuwa tumetofautiana, kanuni inasema lazima watu wakae mezani. Wewe uko mbali. Nitakaa na mtahiniwa mwenyewe. Wakiniruhusu kutembea na fimbo, nitapanda boti ya Alhamisi. Alama ninayoiamini hasa nitaitaja nikiwa mezani, si kabla.*

*E. Silden*

*Nyongeza. Kuna siku mtahiniwa alimpa tatu binti aliyestahili nne, nami nikakubali makusudi. Nilitaka kuona atajitoaje. Sijawahi kufurahi vile tangu hapo.*

Shangazi, alijua.

Nakuja na boti ya tarehe ishirini. Usife kabla, ni aibu kwa familia.

Torunn


Florø, 14 Machi 1999

Torunn mwanangu,

Marahaba. Hii anaiandika Annlaug na mimi nasema, kwa hiyo matusi yamepunguzwa. Asante kwa siku ulizokaa nami, na kwa kutoka chumbani kila Eilert alipoingia, ukijifanya unatafuta maji ya maua. Krokasi moja imefunguka, ya zambarau. Nimemwonyesha daktari. Ameangalia viatu vyake tena, lakini safari hii alikuwa anacheka.

Eilert anakuja kila Alhamisi. Fimbo yake inagonga ngazi, na nyumba nzima ya wazee inanyamaza kusikiliza, hawana haya. Analeta mikate yenye krimu. Tunaiweka aya katikati ya meza. Alhamisi ya kwanza alisema nne, nikasema tano. Ya pili akapanda hadi tano, kwa hiyo nikashuka hadi nne. Alivua miwani. "Gudveig, hii ni tano na unajua!" Nikamwambia sentensi ya mwisho haijaingia ndani, yeye mwenyewe kasema. Akaniita moyo wa barafu mbele ya Annlaug. Annlaug hapa anasema ni kweli aliniita.

Alhamisi iliyopita aliniuliza basi ningeimaliza vipi. Nikamwambia. Sikuambii wewe. Alifuta miwani ambayo haikuwa na kitu, kisha akasema hiyo ni sita, hakuna ubishi.

Nikamwambia hapana. Tano.

Kwa hiyo hatujaafikiana, na Alhamisi ijayo anarudi. Pumzi yangu ni fupi sasa, na usiku miguu inavimba, nakuambia ili usije ukasema nilificha. Najua pia kwamba watu wawili wakishindwa kuafikiana jambo hupelekwa kwa msahihishaji mkuu, na nasikia yuko njiani kuja kulichukua. Akipita kwako kuuliza njia, mwambie wawili bado wako mezani, wanabishana, na kahawa haijapoa.

Shangazi yako,
Gudveig